Wachezaji Walisikia Vizuri

Mashine ya gemu ikidoda sokoni, maelezo yanayofuata huwa yaleyale: ujumbe haukufika. Bidhaa ilikuwa nzuri, wanasema, ila msemaji aliteleza ulimi, jina likawachanganya watu, hafla ya uzinduzi ikaendeshwa ovyo, na wachezaji wakapandwa na hasira kabla ya kuelewa. Maneno hayo yamekaa vinywani mwa wachambuzi wa biashara, mameneja wa zamani na hata baadhi ya wachezaji wenyewe, mpaka siku hizi yanasimuliwa kama historia isiyo na ubishi. Xbox One ya mwaka 2013 ndiyo mfano wao mkuu. Wii U ya Nintendo hufuata nyuma yake.

Maelezo hayo si ya kweli, na yanawadhulumu wachezaji. Yanamfanya mnunuzi aonekane mtu wa jazba asiyejua kusoma, huku yakimwondolea lawama yule aliyekaa mezani akaamua mashine iwe na nini, imfungie nani mlango na iuzwe kwa bei gani. Ukiyapitia matukio yenyewe tarehe kwa tarehe, unakuta kwamba wachezaji walielewa mapema, na mara nyingi kwa usahihi kuwashinda wasemaji wa kampuni, kwa sababu waliitazama mashine yenyewe na kuona ilivyoundwa.

Xbox One inastahili kuangaliwa kwanza, maana hapo ndipo hoja ya upande wa pili ina nguvu kuliko kwingine. Tarehe 21 Mei 2013 Microsoft iliwakusanya waandishi wa habari kwenye makao yake makuu huko Redmond, jimbo la Washington. Don Mattrick, aliyekuwa akiongoza kitengo chake cha gemu, na wenzake walitumia sehemu kubwa ya hafla kuzungumzia televisheni, ligi za michezo na namna ya kuiamrisha mashine kwa sauti. Gemu zilipewa nafasi finyu. Hafla ilipokwisha, maofisa wakaanza kupishana kauli. Phil Harrison, mmoja wao, aliwaambia waandishi kwamba mashine ingehitaji kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24. Baadaye kampuni ikasema hiyo ilikuwa njia mojawapo tu iliyokuwa ikifikiriwa. Kuhusu diski zilizokwisha kutumika, kila aliyeuliza aliondoka na jibu lake. Wanaoshikilia nadharia ya mawasiliano mabovu huishia hapo, wakiamini kesi imekwisha.

Kesi ilikuwa bado. Tarehe 6 Juni, siku chache kabla ya maonyesho ya E3, Microsoft ilitoa maelezo rasmi ya maandishi, na maelezo hayo hayakuwa na utata wowote. Mashine ingepaswa kuwasiliana na seva za kampuni kila baada ya saa 24, na kama mtu anacheza kwenye mashine isiyo yake, kila baada ya saa 1. Muda ukipita bila mawasiliano, gemu hazichezeki, ingawa televisheni na filamu za Blu-ray zingeendelea. Diski ingekuwa chombo cha kubebea tu. Haki ya kucheza ingefungwa kwenye akaunti. Mtu angeweza kumpa rafiki gemu yake, lakini rafiki huyo awe amekaa kwenye orodha yake ya marafiki kwa siku 30 au zaidi, na gemu hiyo itolewe mara moja tu. Kuuza diski iliyotumika kungewezekana kwenye maduka yaliyoshiriki mpango huo, na mchapishaji wa gemu ndiye angeamua kama anaruhusu au hapana.

Kila kitu kikawa wazi, na hasira ikapanda maradufu.

Tarehe hiyo ndiyo inayoiangusha nadharia nzima. Kama kilichowaudhi watu kilikuwa kutoelewa, basi 6 Juni ingekuwa siku ya nafuu, siku ya mnunuzi kusoma, kuridhika na kutulia. Ikawa kinyume chake. Katika wiki mbili za kauli za kupishana bado kulikuwa na watu waliotumaini kwamba yanayosemwa ni uvumi. Maandishi yaliwathibitishia kwamba hofu yao ilikuwa kweli tupu, tena kwa masharti ambayo wengi hawakuwa wameyawaza, kama lile la siku 30.

Siku hiyohiyo ya 6 Juni, magazeti ya The Guardian na The Washington Post yalianza kuchapisha siri za PRISM, mpango wa Marekani wa kupeleleza data za mtandaoni, zilizovujishwa na Edward Snowden, Microsoft ikiwa miongoni mwa kampuni zilizotajwa. Sasa fikiria Kinect, kifaa kilichouzwa pamoja na kila Xbox One. Ni mhimili mweusi unaowekwa chini au juu ya televisheni, una jicho la kamera linaloelekezwa sebuleni, na ndani yake mna maikrofoni kadhaa zinazosubiri mtu aseme neno la kuiamsha mashine. Kwa mpango wa awali, bila Kinect kuchomekwa mashine isingefanya kazi. Microsoft ilieleza, na ilieleza kwa ufasaha, kwamba mtumiaji angeweza kukizima kifaa hicho na kwamba mazungumzo ya sebuleni hayangetumwa kokote. Lakini mchezaji hakuwa akiuliza kampuni inaahidi nini. Alikuwa akiuliza kwa nini kamera iwe ya lazima. Swali hilo halikuwa na jibu la msemaji, lilikuwa na jibu la fundi, nalo lilikuja kwa awamu. Agosti 2013 sharti la kuchomeka Kinect liliondolewa. Mei 2014 ikatangazwa Xbox One isiyo na Kinect kwa dola 399 badala ya 499. Juni mwaka huo watengenezaji wa gemu wakarudishiwa kiasi cha asilimia 10 ya nguvu ya prosesa ya picha iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya kifaa hicho.

Hesabu hiyo inatosha peke yake. Kamera iliyokataliwa ilimgharimu mnunuzi dola 100 na kuila mashine sehemu ya nguvu zake, wakati ambapo Call of Duty: Ghosts ilionyesha picha za 1080p kwenye PlayStation 4 na 720p kwenye Xbox One. Wachezaji waliolalamika Mei 2013 walikuwa wamepiga hesabu sahihi mwaka mzima kabla ya kampuni kuikubali.

Jioni ya 10 Juni, huko Los Angeles, ilikuja zamu ya Sony. Jack Tretton alisimama jukwaani akatangaza kwamba PlayStation 4 haitazuia diski zilizotumika wala haitadai kuwasiliana na intaneti ili mtu acheze peke yake, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Bei ikatajwa: dola 399. Siku hiyohiyo kampuni ikatoa video ya sekunde kama 20 ikiwaelekeza watu jinsi ya kumwazima mwenzao gemu. Ndani yake maofisa wawili wa Sony, Adam Boyes na Shuhei Yoshida, wanakabidhiana kasha la gemu, anayepokea anashukuru, na video inaishia hapo. Wengi huitaja video hiyo kama somo la kufundishia mawasiliano ya biashara. Lakini iliwezekana kuwa fupi vile kwa sababu hapakuwa na jambo la kueleza. Diski ingefanya kazi kama diski zilivyofanya tangu PlayStation ya kwanza. Microsoft isingeweza kutengeneza video ya aina hiyo hata ingemwajiri mwongozaji bora wa filamu duniani, kwa kuwa utaratibu wake ulihitaji kurasa kuuelezea.

Tena inasahaulika kwamba uzinduzi wa PlayStation 4 nao ulikuwa na kasoro. Tarehe 20 Februari 2013 Sony iliwaita watu New York, ikazungumza kwa muda mrefu, kisha hafla ikamalizika bila mashine yenyewe kuonekana. Umbo lake halikujulikana hadi Juni. Kama hafla ndizo zinazoamua, Sony ilipaswa kuadhibiwa kwa kuwaita watu kwenye arusi isiyo na bibi arusi. Haikuadhibiwa, kwa kuwa kilichotajwa siku hiyo kilikuwa na uzito. Mark Cerny, msanifu mkuu wa mashine, alikuwa amewaendea watengenezaji wa gemu na kuwauliza wanataka nini. Jibu lao likaonekana ndani ya sanduku: memori moja ya pamoja ya GB 8 aina ya GDDR5, yenye kasi na rahisi kuitumia. Kwenye pedi ya kuchezea kukawekwa kitufe cha Share, mchezaji akikibonyeza anahifadhi na kusambaza kipande cha alichokicheza. Kitufe hicho kimoja kilimwambia mchezaji kwamba waundaji walijua anaishi vipi na marafiki zake, na hakikuhitaji hotuba.

Kwenye upande wa nyuma wa Xbox One nako kulikuwa na kitu kinachosema. Kulikuwa na tundu la kuingizia HDMI, ili king'amuzi kipitishwe ndani ya mashine na mtu abadilishe chaneli kwa sauti. Ni tundu lililofaa nyumba ya Kimarekani yenye king'amuzi cha kebo na ratiba ya vipindi inayosomeka na mfumo huo. Kwa mchezaji wa nchi nyingine nyingi halikuwa na kazi ya maana. Hata kama Mattrick asingetamka neno televisheni hata mara moja siku ile ya Mei, tundu lingekuwepo palepale, na mnunuzi angejua mashine imetengenezwa kwa ajili ya nani.

Halafu kuna kauli yenyewe, ile inayotajwa katika kila orodha ya makosa ya wasemaji. Katika mahojiano na mwanahabari wa gemu Geoff Keighley wakati wa E3, Mattrick alisema kwamba kwa watu wasioweza kupata intaneti Microsoft ilikuwa na bidhaa yao, nayo ni Xbox 360. Alitaja hata mtu anayefanya kazi kwenye nyambizi ya nyuklia, akisema anamhurumia. Wachambuzi husema hapo ndipo alipoiua mashine. La hasha. Katika wiki zile zote, hiyo ndiyo kauli iliyoeleza muundo wa mashine kwa ukweli kuliko zote. Mashine ilikuwa imeundwa isifanye kazi mbali na intaneti, na bosi wake alithibitisha kwamba asiye na intaneti hana nafasi. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa melini na kambini ng'ambo walikuwa wamekwisha kuligundua hilo wenyewe, na gazeti la Navy Times likabeba malalamiko yao. Kama Mattrick angechagua maneno matamu zaidi, baharia angebaki melini vilevile, na saa 24 zingepita vilevile.

Nje ya Marekani ukweli huo ulikuwa mkali zaidi. Kwa masharti ya awali, mashine na gemu zake zingetumika katika nchi zilizoorodheshwa tu, na orodha ilikuwa na nchi 21. Poland haikuwemo, ingawa CD Projekt Red, kampuni ya Kipolandi, ilikuwa imetangaza kwamba The Witcher 3 itakuja kwenye Xbox One. Watengenezaji wa gemu hiyo wangeinunua mashine na kushindwa kuitumia nyumbani kwao. Afrika haikuwa na nchi hata moja. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikuwa zimeshafika Mombasa na Dar es Salaam tangu mwaka 2009, lakini mwaka 2013 intaneti ya vijana wengi wa huku ilikuwa bando la simu linalonunuliwa kwa siku au kwa wiki, na umeme nao una mambo yake.

Gemu za konsoli huku zimekulia kwenye mabanda. Ni chumba kidogo chenye televisheni mbili tatu, PlayStation 2 au 3, mabenchi, pedi zilizochakaa mpaka raba za vijiti vyake zimebanduka, na foleni ya vijana wanaolipia kila mechi ya FIFA. Mwenye banda hununua diski, akiichoka humuuzia mwenye banda wa mtaa wa pili au huongezea hela akapewa nyingine. Utaratibu wa saa 24 ungeizima biashara yake siku bando linapokwisha, na diski aliyoinunua kwa fedha nyingi ingebaki plastiki isiyouzika. Mtu huyo hakuhitaji kuelezwa vizuri zaidi. Alihitaji mashine nyingine, na ilikuwepo.

Microsoft ilisalimu amri tarehe 19 Juni. Ukaguzi wa saa 24 ukafutwa, diski zikaachwa huru, mipaka ya nchi ikaondolewa. Tarehe 1 Julai ikatangazwa kwamba Mattrick anahamia kampuni ya Zynga. Mashine ilipoingia sokoni tarehe 22 Novemba, ikianza na nchi 13, ilikuwa kwa masharti tofauti na yale ya mwezi Juni, lakini Kinect ilikuwa bado imo kwenye kasha na bei ilikuwa ileile.

Kuna watu makini wanaosema kwamba Juni 2013 wachezaji walijikosesha mambo mazuri. Hutaja mpango wa kushirikiana gemu uliofutwa pamoja na mengine, ambao ungewawezesha watu hadi kumi wa familia moja kutumia maktaba moja. Kama ungeelezwa mapema, wanasema, watu wangeukubali mfumo mzima. Hoja hii inaonekana nzito mpaka mtu ajiulize kwa nini mpango huo ulilazimika kufa. Hakuna aliyewalazimisha Microsoft kuufuta. Wangeweza kuubakisha kwa gemu zilizonunuliwa mtandaoni, ambako ukaguzi wa akaunti ni jambo la kawaida, na kuziacha diski kama zilivyo. Septemba mwaka huohuo Valve ilitangaza utaratibu wa familia kushirikiana gemu kwenye Steam, duka lake la mtandaoni, na haikumnyang'anya mtu chochote ili kuuleta. Zawadi inayotolewa kwa sharti la kusalimisha mali yako ni biashara, na mtu ana haki ya kuikataa baada ya kuielewa.

Wengine huenda mbali zaidi na kudai Mattrick aliiona kesho: leo gemu nyingi zinanunuliwa kwa kupakuliwa, kwa hiyo waliompinga walikuwa wakizuia maji kwa mkono. Ni kweli watu wamehamia kwenye kupakua. Lakini walihamia wakiwa wapi? Mei 2023 Phil Spencer, aliyekwisha kuwa kiongozi wa Xbox kwa miaka 9, alisema hadharani kwamba kampuni yake ilishindwa katika kizazi cha mashine kilichokuwa kibaya kuliko vyote kushindwa, kwa sababu ndicho kizazi ambacho watu walijenga maktaba zao za gemu za kupakua. Maktaba hizo zilijengwa zaidi kwenye PlayStation 4, mashine iliyoziacha diski huru. Iliuza zaidi ya milioni 117, na katika nyaraka zilizowasilishwa kwa wasimamizi wa ushindani nchini Brazil mwaka 2022, Microsoft yenyewe ilikiri kwamba Sony iliuza zaidi ya mara mbili ya Xbox One. Mchezaji aliyeachiwa uamuzi alihama taratibu, kwa wakati wake, bei ilipompendeza na intaneti yake iliporuhusu. Aliyesukumwa aliondoka na fedha zake.

Wii U ni kesi ngumu zaidi, na haki itendeke: mkanganyiko ulikuwepo kweli. Nintendo ilipoionyesha mashine hiyo E3 ya Juni 2011, watu wengi waliondoka wakidhani ni pedi mpya ya Wii yenye skrini. Satoru Iwata mwenyewe, aliyekuwa rais wa Nintendo, alikiri baadaye kwamba walipaswa kuonyesha picha ya mashine yenyewe. Wii ilikuwa imeuza zaidi ya milioni 101. Mrithi wake aliishia milioni 13.56. Jina limebebeshwa mzigo wote.

Lakini kwa nini mashine haikuonyeshwa? Kwa sababu ilikuwa sanduku dogo lililofanana na Wii, likitumia pedi zilezile za Wii na vifaa vilevile, na kipya chake kilichoonekana wazi kilikuwa kile kitabuleti cha mkononi. Waliodhani ni kifaa cha nyongeza walikuwa wamesoma kwa usahihi kile kilichokuwa mbele yao. Tena aliyeinunua akaelewa jina, bado alibaki na GamePad: skrini ya kugusa inayosoma mguso mmoja kwa wakati, chaji ya saa 3 hadi 5, na picha inayokatika ukienda mbali na mashine. Kasha lilikuja na GamePad moja, hivyo katika nyumba yenye watoto watatu mmoja alishika kipya na wawili wakashika pedi za zamani. Nintendo yenyewe ilihangaika kupata gemu zinazokihitaji kifaa hicho kweli. Super Mario 3D World, gemu nzuri sana, kwa sehemu kubwa ilichezeka bila mtu kuitazama skrini ile ya mkononi. Jina jipya lisingebadili hata moja kati ya hayo.

Ushahidi uko kwenye mashine iliyofuata. Hamu ileile, ya mtu kuendelea kucheza televisheni inapochukuliwa na mwingine, ilirudi ikiwa imeundwa upya. Tarehe 20 Oktoba 2016 Nintendo ilitoa video ya dakika tatu na ushee isiyo na msimulizi hata mmoja. Kijana anachomoa mashine kwenye kitako chake, anabandika vipande viwili vya pedi pembeni, anatoka nayo nje. Mwingine anavibandua vipande hivyo akiwa kwenye ndege na kuiegemeza skrini mezani. Aliyeitazama aliondoka anajua Switch ni nini, inafanya nini na yeye angeitumia wapi, na hakuna aliyekuwa amemweleza. Mashine iliingia sokoni Machi 2017 kwa dola 299 na imeshapita milioni 150. Wanaosema Nintendo ilijifunza kuwasiliana wanasifu video. Sifa ni ya wahandisi waliotengeneza kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa video ya namna ile.

Sony, ambayo mwaka 2013 ilionekana bingwa wa kuzungumza, miaka 7 kabla ilikuwa imezomewa. PlayStation 3 ilitangazwa kwa dola 499 na 599, na Ken Kutaragi, aliyekuwa mkuu wa PlayStation, alikuwa amesema angependa watu wafikirie kufanya kazi saa nyingi zaidi ili waipate. Kauli hiyo iliudhi, lakini iliudhi kwa sababu bei ilikuwa ileile aliyoitetea, na prosesa yake ya Cell iliwatesa watengenezaji wa gemu kama walivyosema. Mwaka 2009 yalikuja matangazo ya kuchekesha ya mhusika wa kubuni Kevin Butler, na wapo wanaoyapa sifa ya kuiokoa mashine. Yalikuja pamoja na umbo jipya jembamba la dola 299.

Hakuna anayesema maneno hayana kazi. Yana kazi kubwa pale yanapobeba gharama. Nintendo 3DS ilipoanza vibaya mwaka 2011, Iwata hakuandaa hafla ya kuwaelimisha watu. Julai alitangaza kwamba bei itashuka Marekani kutoka dola 249 hadi 169 mwezi Agosti, chini ya miezi mitano baada ya mashine kutoka huko. Akakata mshahara wake nusu. Na waliokwisha kununua kwa bei ya juu wakapewa gemu 20 za zamani bure. Aliomba radhi pia, na radhi ilisikika kwa sababu kila neno lilikuwa na hela nyuma yake. 3DS ikaishia kuuza zaidi ya milioni 75. Microsoft nayo ilifanya hivyo Julai 2007, mashine za Xbox 360 zilipokuwa zikifa kwa wingi zikiwasha taa nyekundu tatu: dhamana ikaongezwa hadi miaka 3 kwa hitilafu hiyo na zaidi ya dola bilioni 1 zikatengwa. Wachezaji wakasamehe. Ndio walewale ambao miaka 6 baadaye waliitwa watu wa jazba.

Linganisha na kampeni iliyoanza Novemba 2024, Microsoft ikiwaambia watu kwamba simu, kompyuta na televisheni zao zote ni Xbox. Ujumbe ulikuwa wazi, mfupi, wenye mabango mazuri. Katika robo ya mwisho ya mwaka huo mapato ya kampuni kutokana na mashine za Xbox yalishuka kwa asilimia 29. Mtu akishaambiwa kwamba alichonacho mfukoni ni Xbox, hana sababu ya kwenda dukani kununua nyingine. Mnunuzi aliuelewa ujumbe, na akaufuata.

Nadharia ya mawasiliano mabovu ina madhara ya wazi kwa watu wa huku, na Mei 2024 yalionekana. Helldivers 2, gemu ya Sony, ilikuwa imeuzwa kwa miezi mitatu kwenye Steam. Tangu siku ya kwanza ukurasa wa duka ulitaja akaunti ya PlayStation Network, ila mchezaji aliweza kuiruka hatua hiyo na kuendelea. Tarehe 3 Mei ikatangazwa kwamba sasa akaunti ni lazima. Gemu ikaondolewa kwenye maduka ya Steam ya nchi na maeneo 177 ambako huduma hiyo haikuwepo. Barani Afrika, Afrika Kusini ndiyo iliyokuwa kwenye orodha ya Sony. Kenya na Tanzania hazikuwemo. Tathmini mbaya zaidi ya 200,000 zikamiminika, na siku tatu baadaye Sony ikarudi nyuma.

Wapo walioandika kwamba kosa la Sony lilikuwa kutowakumbusha watu mapema. Sharti lilikuwa limeandikwa. Mchezaji wa Nairobi aliyelipa dola zake Februari angekumbushwa kila asubuhi na bado, akifungua fomu ya kujisajili, asingeliona jina la nchi yake. Angelazimika kudanganya anakoishi, kinyume cha masharti ya Sony yenyewe, au kuipoteza gemu aliyokwisha kuilipia. Kuongeza nchi kwenye fomu hiyo ni kazi ya mikataba, ya mifumo ya malipo na ya watu wa kuhudumia wateja, na inagharimu zaidi ya kutoa tamko. Sharti lilifutwa kwa tamko la siku moja, lakini katika nchi hizo 177 gemu haikurudi dukani pamoja na tamko hilo.